Mashine za pumzi chini ya mwamba wa Stockholm

Mji mkuu wa Sweden husafisha majitaka yake ndani ya mapango yaliyochongwa chini ya makaazi ya watu. Huko chini, swali la mashine ipi ipulize hewa limelazimika kujibiwa upya kila Bahari ya Baltiki ilipodai maji safi zaidi.

Henriksdal ni kilima cha mawe kusini-mashariki mwa Stockholm, mpakani na manispaa ya Nacka. Juu yake zimesimama nyumba za ghorofa. Chini ya nyumba hizo, tangu mwaka 1941, majitaka ya mji yamekuwa yakipita katika mahandaki ambayo leo, yakiunganishwa, urefu wake hufikia takriban kilomita 18.

Mji huo ulikwisha kuonja gharama ya uchafu. Kipindupindu cha mwaka 1834 kiliua zaidi ya watu 3,000, na hata hivyo ilipita karne nzima kabla ya kituo cha kwanza cha kusafisha majitaka kufunguliwa Åkeshov, upande wa magharibi, mwaka 1934. Kabla ya hapo, kilichotoka majumbani kiliishia katika maji yale yale yanayouzunguka mji.

Njia iliyokuja kutawala kazi hiyo ilizaliwa Uingereza. Mwezi Aprili mwaka 1914, wakemia wawili wa Manchester, Edward Ardern na William Lockett, walieleza jinsi walivyopuliza hewa ndani ya majitaka, wakamwaga maji yaliyotakasika na kulibakiza tope kwa ajili ya duru iliyofuata. Mara ya kwanza usafishaji kamili ulichukua wiki kadhaa. Tope lilipozidi kurundikana, ulikamilika katika muda usiozidi saa 24. Siri ilikuwa bakteria waliomo ndani ya tope hilo hai: wanakula uchafu, lakini sharti wapumue.

Kuwapumulisha ndiko kunakogharimu. Katika vituo vingi vya aina hii, karibu nusu ya umeme wote hutumiwa na mashine za kupuliza hewa, wakati mwingine zaidi. Mhunzi aliyeketi na mivukuto yake anaielewa hesabu hii: pumzi ikipungua moto hufa, ikizidi makaa huteketea bure.

Mashine ya kale zaidi miongoni mwa zinazotumika ni ya ndugu wawili wa Connersville, jimbo la Indiana nchini Marekani, Philander na Francis Roots, waliopata hataza yao miaka ya 1860. Ndani yake mna rota mbili zenye umbo la nambari nane, zinazoichota hewa na kuisukuma upande wa pili. Ni mashine ngumu, rahisi kutengeneza, isiyo na maringo. Kasoro yake ni kwamba haiibani hewa ndani ya tumbo lake. Hewa hubanwa inapokutana na ile iliyojaa tayari katika bomba, na kadiri shinikizo linavyopanda ndivyo umeme unavyozidi kupotea kwa joto.

Hapa Stockholm ina fungu lake katika historia. Katika miaka ya 1930, mhandisi Alf Lysholm, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya tabo za mvuke ya Ljungström, alibuni rota mbili zilizosokotwa kama skrubu. Zinapozunguka, nafasi iliyo kati yao hupungua hatua kwa hatua, na hewa hutoka ikiwa imekwisha kubanwa. Kampuni ya Atlas Copco, iliyoanzishwa Stockholm mwaka 1873 na yenye makao yake Nacka, jirani kabisa na Henriksdal, ni miongoni mwa zilizojenga biashara kubwa juu ya wazo hilo.

Aina ya tatu ni ya tabo: gurudumu moja lenye mapezi, linalozunguka kwa kasi kubwa mno na kuirusha hewa nje. Kwa hewa nyingi, hiyo hushinda kwa uchache wa umeme. Lakini ina hasira zake. Mahitaji yakishuka chini ya kiwango fulani, hewa hurudi nyuma kwa kishindo na mashine hutetemeka hadi kuweza kuvunjika.

Uchaguzi huu ulikuwa mzito zaidi baada ya mwaka 1988, pale mawaziri wa nchi zinazopakana na Baltiki walipoahidi kupunguza kwa nusu virutubisho vinavyomwagwa baharini. Fosforasi ilikuwa imekwisha kushughulikiwa kwa kemikali tangu miaka ya 1970. Naitrojeni ni jambo jingine: kilo moja ya naitrojeni iliyomo katika amonia huhitaji zaidi ya kilo nne za oksijeni ili igeuzwe. Henriksdal ikapanuliwa katika miaka ya 1990. Kwa kuwa nafasi ndani ya mwamba ni ya kuchimba kwa baruti, mabwawa yalielekezwa chini, hadi kina cha takriban mita 12. Kiputo cha hewa kinachopanda mita 12 huacha oksijeni nyingi njiani. Lakini maji ya kina cha mita 10 peke yake hulemea kwa uzito sawa na wa angahewa nzima, na mashine ya kawaida ya Roots huanza kuelemewa hapo.

Wanunuzi wengi hupotea kwa kuangalia siku ya mahitaji makubwa tu. Siku hizo ni chache. Usiku wa manane mji umelala, uchafu ni kidogo, na mashine iliyo kubwa kupita kiasi hupuliza hewa isiyohitajiwa na mtu. Kwa hiyo swali la busara ni mashine inaweza kushuka kiasi gani bila kugoma, na hapo mashine kadhaa za wastani huishinda moja kubwa.

Mahali nako kuna neno lake. Hewa ya baridi ya Stockholm ni nzito na imejaa oksijeni. Jijini Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 18, na mashine iliyonunuliwa kwa jedwali la Sweden ingepungukiwa tangu siku ya kwanza. Mabwawa makubwa ya Ruai, mashariki mwa jiji hilo, yamelikwepa swali hilo: jua na mwani huwapa bakteria oksijeni, kwa gharama ya ardhi nyingi.

Stockholm haina ardhi hiyo, wala jua hilo wakati wa Januari. Katika muongo wa 2010 iliamua kukifunga kituo cha Bromma, mrithi wa Åkeshov, na kuyapeleka majitaka yake Henriksdal kwa handaki refu la chini ya mji. Uchafu sasa utachujwa kwa tando zenye matundu madogo mno. Tando hizo nazo huziba upesi, na husuguliwa kwa viputo vya hewa.