Kukata roho

Ajali ikitokea Barabara ya Namanga pale Kitengela, watu huulizana: "Amekata roho?" Msemo huo unaitaja roho, hautaji moyo, na tofauti hiyo sasa ina uzito. Mwaka 2014, madaktari wa Sydney, Australia, walipandikiza moyo uliokwisha kusimama kwa kifo, baada ya kuuamsha kwenye mashine. Kabla ya kuutoa husubiriwa dakika kadhaa, ingawa kila dakika bila damu huudhoofisha. Anayetangaza kifo asiwe yule anayepandikiza. Moyo hudunda tena. Mwenyewe harudi, kwani ubongo wake umekosa damu. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inaruhusu kutoa viungo kwa wosia. Wosia huo usemwe nyumbani, Kitengela hadi Kajiado mjini, mtu angali mzima.