Gavana Aliyewafungulia Wafungwa wa Haymarket

Kila ifikapo Mei Mosi, siku ambayo wafanyakazi wa Tanzania na Kenya huandamana na mabango yao wakingojea kusikia habari za nyongeza ya mishahara, ni nadra mtu kupanda jukwaani akaeleza asili ya sikukuu hiyo, yaani masaibu ya Haymarket mjini Chicago mwaka 1886. Na jina la gavana aliyeitoa mhanga jaha yake kwa ajili ya wafungwa wa masaibu hayo halitajwi kabisa.

Gavana huyo ni John Peter Altgeld. Alizaliwa katika kijiji cha Niederselters, Ujerumani, tarehe 30 Desemba 1847, akavushwa bahari hali ni mtoto mchanga, akalelewa kwa dhiki katika shamba la Ohio, na alipotimu miaka 16 akaingia jeshi la Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ualimu, uanasheria alioanzia Missouri, ujaji wa Chicago na utajiri alioupata katika biashara ya majumba, yote hayo yalitangulia mwaka 1892, alipochaguliwa kuwa gavana wa jimbo la Illinois, wa kwanza aliyezaliwa ughaibuni.

Wakati huo Samuel Fielden, Michael Schwab na Oscar Neebe walikuwa gerezani Joliet. Usiku wa tarehe 4 Mei 1886, katika mkutano wa Haymarket wa kulalamikia kuuawa kwa wafanyakazi waliogoma wakidai kazi isizidi saa 8 kwa siku, bomu lilitupwa katikati ya polisi, na aliyelitupa hajajulikana hata leo. Lakini wafuasi wanane wa itikadi ya kupinga serikali walitiwa hatiani, wanne wakanyongwa tarehe 11 Novemba 1887, wa tano akajiua siku moja kabla, na hao watatu wakasalia kifungoni.

Brand Whitlock, ambaye siku hizo alikuwa karani kijana katika ofisi ya Katibu wa Jimbo mjini Springfield, amesimulia katika kumbukumbu zake jinsi alivyoamriwa asubuhi ya tarehe 26 Juni 1893 kuandika hati za msamaha kwa mwandiko wake mzuri kabisa, tena kwa siri. Alipozipeleka kwa gavana alimkuta Dreyer, mwenye benki wa Chicago, aliyekuwa mmoja wa raia walioidhinisha mashtaka ya watu hao, kisha akajuta akawa miongoni mwa waliowaombea kwa bidii. Naye Dreyer alipokabidhiwa karatasi zile azipeleke Joliet, midomo ilimtetema, machozi yakamtoka, akataka kushukuru asiweze, na Altgeld, asiyependa maneno mengi, akatazama saa na kumhimiza aondoke asije akakosa garimoshi.

Lau angaliwaachilia kwa njia ya huruma tu, akasema wameadhibiwa vya kutosha, nadhani wakubwa wa Chicago wangalinung'unika wiki moja wakanyamaza, kwani baadhi yao wenyewe walikwisha kutia saini maombi ya msamaha. Lakini Altgeld alitoa waraka mrefu akieleza kwamba wazee wa baraza la mahakama walichaguliwa kwa hila, kwamba ushahidi haukuwafunga watuhumiwa na mtupa bomu, na kwamba Jaji Joseph Gary aliwaelemea kwa chuki. Magazeti yakamshukia kwa matusi, yakamwita mgeni asiye na damu ya Kimarekani, kana kwamba insafu ina uraia. Hata Clarence Darrow, wakili na sahibu yake aliyemhimiza sana kutoa msamaha, aliandika baadaye kwamba lawama aliyotwikwa Gary ilipita kiasi. Mimi simfuati Darrow katika hilo, maana jaji aliyeridhia kuketi katika baraza hilo kwa watu waliokiri mbele yake kwamba wamekwisha kuwa na rai juu ya kesi hana budi kubeba mzigo wake.

Sheria ya 1893 iliyozuia kazi za watoto na kuwawekea wanawake viwandani saa 8, pamoja na kumteua Florence Kelley kuwa mkaguzi mkuu wa viwanda, ni katika sifa zake. Ila Mahakama Kuu ya jimbo ilikibatilisha kifungu cha saa 8 mwaka 1895. Rais Grover Cleveland wa Marekani alitia saini sheria ya sikukuu ya wafanyakazi ya Septemba tarehe 28 Juni 1894, na siku chache baadaye akapeleka askari Chicago kuuvunja mgomo wa reli, ingawa Altgeld alipinga kwa kumwandikia waziwazi. Mwaka 1896 Altgeld akashindwa katika uchaguzi.

Utajiri wake aliuzamisha katika jengo la Unity, nalo likamponyoka. Alifariki Joliet tarehe 12 Machi 1902, baada ya kuzidiwa alipokuwa akihutubia kuwatetea Maburu wa Afrika Kusini, na maelfu ya watu wakapita mbele ya jeneza lake mjini Chicago. Sanamu yake ilisimamishwa Lincoln Park mwaka 1915. Jengo la Unity lilibomolewa mwaka 1989, kiwanja kikakaa kitupu miaka mingi, na sasa pana maduka.