Mfupa Mkononi Kabla ya Kisu: Uchapaji wa 3D katika Upasuaji wa Mifupa

Uchapaji wa 3D ni njia ya kutengeneza kitu kwa kuweka tabaka jembamba juu ya jingine, kwa kufuata mchoro uliomo kwenye kompyuta, mpaka kitu kikamilike. Katika upasuaji wa mifupa, njia hii humwezesha daktari kushika mfano wa mfupa wa mgonjwa wake, kwa ukubwa ulio sawa na wa kweli, kabla mgonjwa hajalazwa kwenye meza ya upasuaji.

Teknolojia mbili zimekutana hapa. Ya kwanza ni CT skani, iliyompiga picha mgonjwa wa kwanza jijini London mwaka 1971. Ya pili ni mashine ya Charles Hull, Mmarekani aliyepewa hataza mwaka 1986 kwa kugandisha plastiki ya majimaji, tabaka baada ya tabaka, kwa mwanga wa urujuanimno.

Hatua za kazi

Kwanza mgonjwa hupigwa CT skani, nayo huuonyesha mwili vipande vipande, kila kimoja kikiwa na unene wa milimita 1 hivi au pungufu. Kisha programu ya kompyuta huutenga mfupa na misuli, mishipa na mafuta. Hatua hii hutaka jicho la mjuzi, kwa kuwa ufa usipoonekana hapa, printa nayo haitauonyesha. Mwisho mchoro hutumwa kwenye printa, ambayo huweza kufanya kazi kwa saa nyingi. Programu za bure zipo: InVesalius, kwa mfano, ilianza kuundwa Brazil mwaka 2001 kwa ajili ya hospitali za umma za nchi hiyo.

Matumizi makuu

Matumizi ya kwanza ni mfano wa kupangia kazi. Chukua mtu aliyevunjika tundu la nyonga, pale kichwa cha mfupa wa paja kinapokaa. Mfupa huo umejikunja, na kwenye eksirei vipande vyake hulaliana. Mfano ukiwa mkononi, daktari huugeuza, akaona kila kipande kilikohamia. Nyonga nzima ya upande wa pili ikipinduliwa kwenye kompyuta kama taswira ya kioo, humwonyesha umbo analotakiwa kulirudisha. Bamba la chuma hukunjwa juu ya mfano huo mapema, badala ya kukunjwa na kujaribiwa mara kwa mara huku jeraha likiwa wazi na damu ikitoka.

Ya pili ni vielekezi. Mtoto aliyeanguka mwembeni akavunjika juu ya kiwiko, mfupa ukaunga vibaya, huweza kubaki na mkono uliopinda. Kuunyoosha ni kukata kipande cha mfupa chenye umbo la kabari, kwa pembe iliyopimwa. Kielekezi huchapwa kikiwa na umbo linalokaa mahali pamoja tu juu ya mfupa huo, na kina mwanya wa msumeno na matundu ya keekee. Vivyo hivyo kwenye pingili za mgongo, ambako skurubu hupita karibu sana na uti.

Ya tatu ni vipandikizi. Unga wa titani huyeyushwa kwa leza au miale ya elektroni, tabaka kwa tabaka, na kuachiwa vitundu ambamo mfupa hai huota na kushikamana na chuma. Vitundu hivyo pia hupunguza ugumu wa titani, maana chuma kikibeba mzigo wote, mfupa wa jirani hudhoofika. Mwaka 2014, madaktari wa Hospitali ya Tatu ya Chuo Kikuu cha Peking, China, walimwekea mvulana wa miaka 12 mwenye saratani pingili ya shingo iliyochapwa kwa titani.

Mipaka yake

Plastiki ya bei nafuu iitwayo PLA huanza kulainika kwenye nyuzijoto 60 hivi, ilhali mvuke wa kuua vijidudu hufika 121 au zaidi. Kwa hiyo mfano wa PLA hauwekwi kwenye jeraha. Kielekezi hutaka nailoni au plastiki maalumu ya tiba. CT skani nayo haionyeshi gegedu vizuri, hivyo kielekezi kilichochapwa kwa kufuata mfupa peke yake huenda kisikae sawasawa. Na majeruhi anayevuja damu hawezi kusubiri kipandikizi kinachohitaji siku kadhaa kutengenezwa.

Hata hivyo, mfano wa plastiki hauhitaji kiwanda cha titani. Hospitali zetu zinazopokea majeruhi wa bodaboda kila siku, ikiwa zina CT skani, zianzie hapo: printa ndogo, programu ya bure, na fundi aliyefunzwa kuitenga picha ya mfupa. Daktari akikosea juu ya plastiki, huchapa nyingine. Mfupa wa mgonjwa hauna wa akiba.