Sheria ya Ulinzi wa Hadhi ya Mtoto (Marekani)

Sheria ya Ulinzi wa Hadhi ya Mtoto ni sheria ya uhamiaji ya Marekani iliyotiwa saini na Rais George W. Bush tarehe 6 Agosti 2002. Kwa viza za familia, mtoto ni asiyetimiza miaka 21 na asiye na ndoa. Awali, aliyefikisha umri huo akisubiri alipoteza nafasi hiyo, hata kama ofisi ndiyo iliyochelewa.

Sasa, mtoto aliyeombewa na mzazi raia huhesabiwa umri wa siku ombi lilipowasilishwa. Kwa mtoto wa mkazi wa kudumu, muda wa kushughulikia ombi hutolewa katika umri wake viza inapopatikana: mwenye miaka 22, ombi likiwa limechukua miaka 2, huhesabiwa 20. Lazima aiombe viza ndani ya mwaka 1. Akioa au kuolewa, hupoteza kinga hiyo.