Nabii Aliyeambiwa Arudi Kwao

Jumapili ya tarehe 16 Julai 2000, somo la kwanza katika misa za Kikatoliki lilikuwa fupi, aya 4 tu. Amazia, kuhani wa Betheli, anamwambia Amosi aondoke, arudi kwao Yuda, akale mkate wake huko na kutoa unabii wake huko, kwa sababu Betheli ni hekalu la mfalme. Amosi anamjibu kwamba yeye si nabii wa ukoo wala wa kazi. Alikuwa mchungaji na mtunza mikuyu, na Mungu ndiye aliyemtoa nyuma ya mifugo akamtuma. Somo linaishia hapo.

Sidhani kama kuna muumini wa Nyangezi aliyehitaji kufafanuliwa maneno hayo. Nyangezi iko kusini mwa Bukavu, kwenye barabara ya Uvira, pale njia inapojiandaa kuteremka milima ya Ngomo kuelekea Kamanyola. Siku ile, askofu mkuu wa watu hao, Emmanuel Kataliko, alikuwa ametimiza miezi 5 tangu afukuzwe jimboni mwake. Wakuu wa RCD, chama kilichoshika silaha na utawala wa mashariki mwa Kongo kwa msaada wa Rwanda, walikuwa wamemzuia asiingie Bukavu wakampeleka Butembo. Na Butembo ndiko kwao: Mnande wa huko, aliyekuwa askofu wa huko tangu 1966. Kwa maneno mengine, aliambiwa arudi kwao akale mkate wake huko.

Hakuna padri wa Bukavu aliyelichagua somo hilo kwa siku hiyo. Lilikuwa limepangwa tangu 1969, wakati Roma ilipotoa mpangilio mpya wa masomo ya misa, wenye mzunguko wa miaka 3. Kwa hiyo historia ya mahubiri ya manabii katika Bushi, nchi ya Bashi, inabidi ianzie kwenye kitabu hicho cha masomo, na kabla yake inabidi ianzie kwenye kimya.

Mapadre Weupe walifungua misheni ya Nyangezi mwaka 1906, miongoni mwa za mwanzo kabisa kwa Bashi, wakaiita Thielt-Saint-Pierre, kwa jina la mji wa Ubelgiji. Hukumu ilihubiriwa hapo tangu siku za kwanza. Ilikuwa hukumu ya roho moja moja: katekisimu ilifundisha kifo, hukumu, mbingu na jehanamu, na kila mtu akachungulia dhambi zake mwenyewe. Amosi hakuwa na nafasi. Katika misa ya zamani, ya Kilatini, Jumapili zilisomwa barua za mitume na Injili. Agano la Kale lilisikika kwa nadra. Kutoka kitabu kizima cha Amosi, misale ile ilikuwa na aya 3 za mwishoni, zile za mizabibu na matumaini, zilizosomwa Jumatano moja ya Septemba. Yale ya mizani, ya mahakama na ya majumba ya mawe yaliyochongwa hayakufika altareni. Waprotestanti walikuwa wametangulia katika hilo, maana kwao Biblia nzima ilikuwa wazi mbele ya mhubiri. Lakini mwenye kuifungua alihubiri zaidi wokovu wa mtu, na serikali ya kikoloni haikumpenda mhubiri aliyekwenda mbali kuliko hapo.

Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya 60 mkulima wa Nyangezi alikwenda misa na kurudi bila kumsikia Amosi, mchungaji wa Tekoa, Jumapili hata moja. Alilima barabara kwa lazima, alilipa kodi, aliona ardhi nzuri ya milimani ikigeuka shamba la mzungu, na neno la Mungu juu ya mambo hayo lilikuwa limefungwa ndani ya kitabu kilichokaa mezani kwa padri.

Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulikifungua. Kuanzia Majilio ya 1969 nabii alianza kupata zamu yake Jumapili, kwa lugha inayoeleweka. Katika jimbo la Bukavu jambo hilo lilikutana na mashirika, zile jumuiya ndogo za mtaa ambamo majirani hukaa pamoja, wakasoma, kisha wakaulizana neno hili linatutaka nini sisi. Katika shirika, mama anayeuza muhogo ana haki ya kufafanua Amosi sawa na katekista. Na tusisahau kwamba anamfahamu kuliko wengi waliosoma.

Nasema hivyo kwa sababu ya kopo. Sokoni kwetu kipimo ni Guigoz, kopo la maziwa ya unga ya watoto. Maharagwe, mahindi, unga wa muhogo, vyote hupimwa nalo. Likamate ulitazame. Kopo la kununulia, lile mchuuzi analobeba anapokwenda kwa mkulima, ni zima, na hulijaza mpaka maharagwe yasimame kilima juu ya mdomo na mengine yaporomoke nje. Kopo la kuuzia limegongwa kitako kwa nyundo hadi kimeinuka ndani kama mgongo wa kobe, na linajazwa kisha linafutwa kwa kiganja, sawasawa, pasipo punje ya ziada. Ukiyaweka mawili hayo chini, kwa mbali ni ndugu mapacha. Amosi aliwashutumu wafanyabiashara waliopunguza efa na kuongeza shekeli, wakachanganya ngano na makapi, huku wakiuliza sikukuu itakwisha lini wafungue maduka. Huo ni mwaka wa 760 hivi kabla ya Kristo, enzi ya Yeroboamu wa Pili, wakati Israeli ilikuwa inashinda vita na kutajirika. Anayepima kwa Guigoz hahitaji mwalimu wa historia amweleze.

Lakini Amosi hakuanzia sokoni, na mpangilio wa kitabu chake ndio ninaoutaka msomaji auangalie. Anaanza na majirani. Damasko, Gaza, Tiro, Edomu, Amoni, Moabu: moja baada ya moja anawasomea makosa yao, na ni makosa ya vita. Gaza iliteka watu kijiji kizima ikawauza. Waamoni waliwapasua wajawazito wa Gileadi ili wapanue mipaka. Naweza kuuona umati wa Betheli ukishangilia, maana nani asiyefurahi kusikia adui anahukumiwa? Kisha sauti inahamia Yuda, na baadaye inatua Israeli, hapo hapo waliposimama, juu ya wale wanaomuuza maskini kwa thamani ya jozi ya viatu. Mhubiri anayeishia Damasko hupigiwa makofi. Anayeendelea mpaka nyumbani ndiye anayefukuzwa.

Bushi iliwapata wawili walioendelea mpaka nyumbani.

Wa kwanza ni Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, mtoto wa Walungu upande wa Burhale, aliyezaliwa 1926. Mwaka 1971 Mobutu alipowaingiza jeshini kwa nguvu wanafunzi wa Kinshasa walioandamana, yeye, padri mtu mzima, aliomba aingizwe pamoja nao. Alipokuwa askofu mkuu wa Bukavu mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walimiminika kuvuka mto Ruzizi kwa malaki. Aliwatetea wasio na hatia miongoni mwao, alidai wauaji watengwe nao, aliwakemea askari wa Zaire waliopora wananchi, na aliandika barua kwa mataifa akionya kwamba vita vinakuja. Kila upande ulikuwa na sababu ya kumchukia.

Tarehe 8 Septemba 1996 ilikuwa zamu ya Ezekieli, sura ya 33: mlinzi aliyewekwa juu ya watu, ambaye asipomwonya mwovu, damu itadaiwa mkononi mwake. Siku 51 baadaye, jioni ya Jumanne tarehe 29 Oktoba, mji ukiwa unaanguka, gari la Munzihirwa lilisimamishwa kwenye njia panda ya Nyawera. Alishuka, msalaba wake mkononi, akawaendea askari wa Rwanda na wenzao, waasi wa AFDL. Walimpiga risasi. Mwili wake ulibaki barabarani mpaka watawa Wasaveri walipoweza kuuchukua. Watu wa Bukavu wamezoea kumwita mlinzi, na ninapolisikia jina hilo huikumbuka Jumapili ile ya Septemba.

Siku mbili baada yake, tarehe 31 Oktoba, Mabruda 4 wa Kimarista kutoka Hispania, Servando Mayor, Miguel Ángel Isla, Fernando de la Fuente na Julio Rodríguez, waliuawa katika kambi ya Bugobe. Walikuwa wamekataa kuwaacha wakimbizi. Hao hawakuuawa na jeshi lililoingia. Waliuawa na wanamgambo wa Kihutu waliokuwa wamejificha katikati ya wakimbizi wenyewe. Wamezikwa Nyangezi, ambako Wamarista wamefundisha vizazi vya walimu. Kaburi la Munzihirwa liko kwenye kanisa kuu mjini, ya kwao yako huku. Anayetaka kuelewa kwa nini Amosi alitaja mataifa 8 badala ya 1 anaweza kutembea kati ya makaburi hayo mawili kwa siku moja.

Wa pili ni Kataliko, aliyeteuliwa Machi 1997 kukaa katika kiti ambacho damu ya Munzihirwa ilikuwa haijakauka juu yake. Barua yake ya Noeli, ya tarehe 24 Desemba 1999, ndiyo mahubiri ya kinabii yaliyo wazi kuliko yote yaliyotoka katika kiti hicho, na imejengwa kama kitabu cha Amosi, ingawa sijui kama aliikusudia hivyo. Ilianza kwa nguvu za kigeni zilizopora mali ya nchi na kuendesha vita kwa mali hiyo hiyo ambayo ingejenga shule na hospitali. Hapo umati ungeshangilia. Lakini haikuishia hapo. Iliwageukia ndugu Wakongo walioshirikiana nazo, ikashuka mpaka kwa mtu wa mtaani anayemsaliti ndugu yake kwa noti ya dola 10 au 20. Jozi ya viatu ya Amosi, kwa bei ya mwaka 1999.

Ndiyo sababu haikusameheka. Kuwalaani wageni peke yao kungemfanya Kataliko msemaji wa wazalendo, na msemaji hujibiwa kwa msemaji mwingine. Yeye alitaja mkono wa nyumbani. Tarehe 12 Februari 2000 alizuiwa asirudi jimboni. Bukavu ilijibu kwa njia iliyobaki kwake: misa zilisimamishwa, shule zikafungwa, masoko yakalala. Kanisa lililokuwa likipiga kengele tangu asubuhi lilinyamaza, na kimya hicho, tofauti na kile cha miaka ya misheni, kilisikika mbali.

Alirudi tarehe 14 Septemba, sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, na mji ukamwagika barabarani kumpokea. Siku 20 baadaye, tarehe 4 Oktoba, alikufa Italia kwa moyo kusimama. Akarudishwa kuzikwa karibu na Munzihirwa. Wapo wanaosema hadi leo kwamba kifo kile hakikuwa cha Mungu. Mimi nasema tu kwamba miezi 7 ya kutengwa na watu wako ni mzigo, na moyo wa mzee wa miaka 68 ulikuwa umeubeba.

Tangu hapo, Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotoka Oktoba 2010, imeorodhesha matukio 617 ya ukatili nchini kati ya 1993 na 2003. Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste, ambaye hospitali yake ya Lemera ilivamiwa na wagonjwa wakauawa vitandani tarehe 6 Oktoba 1996, ameizungusha ripoti hiyo dunia nzima akidai mahakama. Mahakama haijaja. Tarehe 15 Juni 2025, Roma ilimtangaza mwenye heri kijana wa Goma, Floribert Bwana Chui, mtumishi wa ofisi ya ukaguzi wa bidhaa mpakani, aliyeuawa Julai 2007 kwa kukataa rushwa ili chakula kilichooza kipite kifikie sahani za watu. Makapi yaliyouzwa kama ngano: Amosi angemtambua kijana huyo mara moja.

Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23 siku ya Jumapili, tarehe 16 Februari 2025, na baada ya siku chache vita vikashuka kwa njia ya Nyangezi kuelekea Kamanyola. Septemba ya mwaka huo zamu ya Amosi ilifika tena, Jumapili mbili mfululizo: tarehe 21 ile ya mizani na vipimo, tarehe 28 ile ya wanaolala kwenye vitanda vya pembe za ndovu bila kuhuzunika kwa kuangamia kwa watu wao. Padri yeyote wa jimbo hili aliyesimama siku hizo alijua mambo mawili: kwamba mbele yake walikuwepo watu wenye kiu ya kumsikia akitaja Damasko, na kwamba kopo lililogongwa kitako lilikuwa limepitisha wiki nzima pale sokoni.

Mlinzi wa Ezekieli atasomwa tena tarehe 6 Septemba 2026. Amosi atafukuzwa Betheli tena tarehe 11 Julai 2027.