Kamati Iliyoogopwa Kuliko Mchezo

Niliingia kwenye bodi ya kikundi chetu cha sanaa mtaani kwa sababu nilionekana na kalamu. Si mzaha. Nilikuwa nimekaa nyuma ya ukumbi wa kukodisha, watoto wakifanya mazoezi ya ngoma, mimi naandika makala ya kulipwa ambayo yangetoka kwa jina la mtu mwingine. Mama mmoja anayeshona nguo kando ya barabara akanijia. Akauliza kama ni kweli nilienda chuo. Nikamwambia nilienda lakini sikumaliza, karo ilinishinda mwaka wa tatu. Akasema, "Mwanangu, hata hiyo miaka miwili inatutosha. Tunataka mtu wa kuandika mikutano." Wiki iliyofuata nilikuwa katibu. Hakuna mshahara, hakuna nauli. Kuna chai, na mandazi kama mwekahazina ameamka vizuri.

Miezi kadhaa baadaye nilirudia Decolonising the Mind ya Ngũgĩ wa Thiong'o, kitabu ambacho chuoni nilikisoma mbio mbio kabla ya mtihani, na nikakwama mahali nilipopita wakati ule bila kusimama. Ni mwaka 1976. Ngũgĩ ni mkuu wa Idara ya Fasihi, Chuo Kikuu cha Nairobi, lakini anaishi Limuru, kilomita thelathini hivi kutoka jijini. Asubuhi moja mwanamke wa kijiji cha Kamĩrĩĩthũ anafika kwake. Anamwambia wamesikia amesoma sana na anaandika vitabu, basi yeye na wenzake wawagawie wanakijiji elimu hiyo kidogo. Hawataki yote, sehemu tu, na sehemu ya muda wake. Kijijini kulikuwa na kituo cha vijana na kilikuwa kinaporomoka. Ngũgĩ akasema atafikiria. Jumapili iliyofuata mama akarudi. Na iliyofuata. Na ya nne, kwa maneno yale yale. Alijua Jumapili ndiyo siku ya kumpata msomi nyumbani.

Nilicheka peke yangu kwenye matatu. Miaka karibu hamsini imepita na bado wanatumia mbinu ile ile.

Kwenye ukurasa huo mama yule hana jina. Ni mwanamke wa Kamĩrĩĩthũ tu, amebisha mlango, amepata alichotaka, halafu hadithi inaendelea na wanaume watatu ambao majina yao sote tunayajua. Simlaumu mwandishi, labda alikuwa na sababu, na miaka ile kutajwa hakukuwa zawadi. Ila ukinuliza historia ya mchezo wa kuigiza wa jamii Kenya inaanzia wapi, nitakuambia inaanzia kwa huyo mama na zile Jumapili nne.

Kisa cha Kamĩrĩĩthũ tunakisimulia kwa sentensi tatu. Ngũgĩ aliandika mchezo kwa Gĩkũyũ. Serikali ikakasirika, ikamfunga. Akaandika riwaya jela kwenye karatasi ya choo. Yote ni kweli, na ni kisa kitamu kwa sababu kina shujaa mmoja, lakini kinaacha nje kitu kilichowakera wakubwa zaidi ya mchezo wenyewe, yaani kamati.

Kamĩrĩĩthũ yenyewe haikuwa kijiji cha kawaida. Ilitokana na miaka ya Hali ya Hatari, 1950 na kitu, wakoloni walipowakusanya watu kwa nguvu kwenye vijiji vya kulindwa ili kuwatenga na Mau Mau. Vita vikaisha, Uhuru ukaja, watu wakabaki pale pale. Wengine walichuma majani chai mashambani, wengine walifanya kazi kiwanda cha viatu, wengi hawakuwa na kazi wala ardhi. Kituo chao kilikuwa na ekari nne hivi na jengo bovu. Watu wa namna hiyo ndio waliounda kamati, wakulima, wafanyakazi, walimu, vijana wa kushinda njaa, na wasomi wachache wa chuo kikuu ndani yake. Kikaitwa Kituo cha Elimu na Utamaduni cha Jamii ya Kamĩrĩĩthũ. Kiliandikishwa serikalini kama vikundi vingine vya kujisaidia. Wakagawana kazi kwa kamati ndogo. Ngũgĩ wa Mĩriĩ, aliyekuwa Taasisi ya Utafiti wa Maendeleo pale chuo kikuu, akashika elimu ya watu wazima. Ngũgĩ wa Thiong'o akapewa kamati ya utamaduni. Profesa mzima, mwenyekiti wa kamati ndogo kijijini. Nilipoona hivyo nilijisikia afadhali kuhusu cheo changu.

Elimu ya watu wazima ndiyo iliyotangulia, mchezo ukafuata. Watu walijifunza kusoma na kuandika kwanza. Walipohitimu walitaka kitu kinachofuata, na kitu hicho kikawa mchezo. Kamati iliwaagiza hao Ngũgĩ wawili waandike rasimu. Tafakari hilo neno, waliagizwa. Mwandishi mashuhuri kuliko wote nchini anapewa kazi na kamati ya kijiji, analeta rasimu mwezi wa nne 1977, halafu wanakijiji wanaifungua na kuanza kuikosoa. Wazee walimwambia mhusika wa umri huu hawezi kuongea hivi. Waliokula kiapo wakarekebisha tukio la kiapo. Wafanyakazi wa kiwandani wakaleta hesabu zao, wanazalisha kiasi gani kwa siku na wanalipwa nini. Mazoezi yalifanyika mahali pa wazi, kila mpita njia ana maoni, na Kimani Gecau, mwalimu wa Fasihi aliyekuwa mwelekezi, akalazimika kuyasikiliza. Nimehudhuria mazoezi ambapo mtu mmoja tu wa nje akitoa maoni mwelekezi ananuna siku tatu, kwa hivyo namvulia Gecau kofia.

Jukwaa nalo walilijenga wenyewe. Kikundi cha wanakijiji kilipanga njiti za kiberiti chini kuonyesha litakavyokuwa, kikatengeneza mfano mdogo, halafu watu wakatoka kwa harambee wakajenga. Nusu duara, ukuta wa mianzi nyuma, viti virefu vya mbao vilivyopangwa kama ngazi, bila paa. Walikaa watu zaidi ya elfu mbili. Linganisha na jijini. Mwaka 1976 The Trial of Dedan Kimathi, ya Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga zilikuwa zinaandaliwa kwenda FESTAC kule Lagos kuiwakilisha nchi, na bado kupata nafasi Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza ilikuwa vita. Wakapewa siku za kuhesabu kwa vidole. Kamĩrĩĩthũ hawakuomba nafasi kwa mtu. Walipanga njiti.

Ngaahika Ndeenda ilifunguliwa Jumapili, tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walikuja kutoka mbali, wengine kwa matatu walizokodisha. Wiki sita hivi baadaye, tarehe 16 Novemba, Mkuu wa Wilaya ya Kiambu akaondoa leseni, sababu ikiwa usalama wa umma. Mwisho wa Desemba polisi wakamchukua Ngũgĩ nyumbani usiku, akawekwa Kamiti mwaka mzima bila kufunguliwa mashtaka. Akatoka Desemba 1978, Kenyatta akiwa ameshafariki, na kazi yake chuo kikuu hakurudishiwa.

Hapo ndipo wasimulizi wengi hufunga kitabu. Mimi hapo ndipo nilipoanza kukaa wima, maana kituo hakikufa. Serikali ilikuwa imekata kichwa ikidhani mwili utaanguka, kumbe kichwa hakikuwa pale ilipodhani. Mwishoni mwa 1981 watu wale wale walijikusanya tena na kuanza mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, wa kuimba zaidi ya kuongea, kuhusu vibarua wa wakati wa mkoloni, na safari hii wakaingiza nyimbo za lugha kadhaa za Kenya. Wakapanga kuufungua Jumba la Taifa tarehe 19 Februari 1982. Wakaomba leseni. Hakuna aliyewakatalia, hakuna aliyewakubalia. Barua haikujibiwa. Yeyote aliyewahi kupeleka fomu ofisi ya serikali anaijua hiyo "hapana" isiyotamkwa. Siku ilipofika milango ya jumba ilikuwa imefungwa na polisi wako nje. Wakahamia ukumbi wa chuo kikuu wakisema ni mazoezi tu, na maelfu wakaja kutazama hayo mazoezi, mpaka nayo yakasimamishwa.

Sasa tazama mpangilio wa tarehe, kwa sababu mimi kama katibu siwezi kuuacha. Tarehe 11 Machi 1982 serikali ilifuta usajili wa kituo. Tarehe 12 Machi malori matatu ya polisi wenye silaha yakafika na jukwaa likabomolewa lote. Karatasi kwanza, malori kesho yake. Mwaka 1977 walipiga mchezo marufuku na kituo kikabaki, kikazaa mchezo wa pili. Mwaka 1982 walikuwa wamejifunza. Hawakushughulika na mchezo tu, ambao wala haukuwa umefunguliwa rasmi. Walifuta kile kikundi cha watu wanaokutana, wanaogawana kazi, wanaoandika nani atafanya nini kabla ya Jumapili. Mbao zinaweza kupangwa tena, wale watu walishaonyesha. Kilichohitaji kufutwa ni haki yao ya kukaa pamoja na kuamua.

Juni mwaka huo Ngũgĩ alikuwa London na hakurudi kuishi Kenya tena, hadi alipofariki Marekani tarehe 28 Mei 2025. Ngũgĩ wa Mĩriĩ na Gecau walikimbilia Zimbabwe. Huyu Mĩriĩ ndiye ninayempenda zaidi katika kisa hiki na ndiye anayetajwa kidogo. Kule Zimbabwe, nchi changa yenye miaka miwili ya uhuru, aliendelea na ile ile, kuzunguka mitaani na vijijini kuwasaidia watu kuunda vikundi vya michezo ya kuigiza, na akawa nguzo ya chama kilichoviunganisha nchi nzima. Alifariki kwa ajali ya gari Harare mwaka 2008. Kwa hivyo kamati ya Limuru ilizaa mbali. Hakuna mtu aliyebeba jukwaa kuvuka mpaka. Alichobeba Mĩriĩ ni namna ya kuendesha mkutano.

Sasa niseme la kwangu, kwa sababu nisipolisema nitakuwa mnafiki. Mwaka jana kikundi chetu kilikuwa na onyesho ukumbini, watoto wameshonewa nguo, wazazi wameomba ruhusa kazini. Mlinzi wa ukumbi akataka cheti cha usajili. Nikakitoa kwa mbwembwe. Akakigeuza, akanirudishia. Muda wake ulikuwa umeisha miezi mitatu nyuma. Hakukuwa na serikali ya kulaumu, wala malori. Kulikuwa na mimi, niliyekumbushwa na yule mama mara mbili kwenda kukihuisha, nikaona ni mambo madogo, nina makala ya kumaliza. Sanaa ndiyo ilikuwa kazi, hayo mengine yalikuwa makaratasi. Watoto walicheza nje kwenye vumbi, mvua ikaja nusu saa baadaye. Kuna msichana wa miaka tisa bado ananitazama vibaya.

Kwenye mkutano uliofuata niliandika kumbukumbu fupi safi. Niliweka kwamba bodi ilijadili suala la cheti na ikakubaliana kuwa ni changamoto za kawaida za uendeshaji. Lugha nzuri ile, nimewaandikia watu wengi ripoti kwa lugha hiyo, haimgusi mtu. Nikazisoma kwa sauti mwezi uliofuata ili zithibitishwe, wanabodi saba, chai mezani, mwenyekiti anatazama saa.

Yule mama mshonaji akainua mkono. "Katibu, rudia hapo pa cheti."

Nikarudia.

"Umeandika bodi ilikubaliana. Mimi sikukubali. Mimi nilisema katibu alikumbushwa mara mbili na hakwenda."

Kimya kikapita. Mwenyekiti akaanza kusema kwamba hilo tunaweza kulimaliza nje ya mkutano, mama akamtazama, akaacha.

"Andika hivyo, mwanangu. Na jina langu uweke."

Nikaandika.