HUDUMA YA UPONYAJI: MAPAMBANO DHIDI YA DONDAKOO

Miongoni mwa maradhi yaliyojaza makaburi ya watoto huko Ulaya katika karne ya 19, dondakoo lilikuwa mstari wa mbele. Ugonjwa huu huanza kwa homa na maumivu ya koo, kisha utando mzito wa kijivu hufunika koo na kuziba njia ya hewa. Mtoto aliyekuwa akicheza siku chache kabla hukosa pumzi mikononi mwa mama yake. Hata anayenusurika kukabwa, sumu ya vijidudu huweza kuufikia moyo na kumuua.

Nyumba za wachungaji nazo hazikusalimika na maradhi ya kuambukiza. Mnamo Januari 1869, Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, aliyehudumu katika usharika wa Dellwig, Westfalia, alizika watoto wake wote wanne katika muda wa wiki mbili, baada ya kuugua ugonjwa wa njia ya hewa. Mwaka 1872 alikabidhiwa uongozi wa kituo cha wagonjwa wa kifafa karibu na Bielefeld, kilichokuja kujulikana kwa jina la Betheli. Jina hilo ndilo lililobebwa baadaye na misheni iliyoleta Injili Usambara mwaka 1891 na Bukoba mwaka 1910.

Katika siku hizo waganga hawakuwa na dawa ya dondakoo. Njia iliyobaki ilikuwa kutoboa koo chini ya utando ili mtoto apate hewa, jambo ambalo Pierre Bretonneau wa Ufaransa alilifanikisha mwaka 1825. Hata hivyo, wengi waliopasuliwa walikufa.

Mlango ulifunguka hatua kwa hatua. Mwaka 1884 Friedrich Loeffler aliotesha vijidudu vya dondakoo katika maabara. Mwaka 1888 Emile Roux na Alexandre Yersin walionyesha mjini Paris kwamba kinachoua hasa ni sumu inayotolewa na vijidudu hivyo. Desemba 1890 Emil von Behring na Mjapani Shibasaburo Kitasato walitangaza kutoka Berlin kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu hujenga kinga, na kwamba seramu ya damu hiyo yaweza kumkinga mnyama mwingine. Farasi walidungwa sumu kidogo kidogo, kisha damu yao ikakamuliwa seramu. Paul Ehrlich akabuni namna ya kupima nguvu yake, ili kila mgonjwa apate kipimo cha kutosha. Mwaka 1894 Roux alitoa taarifa kwamba katika hospitali ya watoto mjini Paris vifo vilishuka kutoka takriban nusu ya wagonjwa wa dondakoo hadi robo yao. Mwaka 1901 Behring alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, ya kwanza kabisa kutolewa.

Mwaka huohuo msiba ulitokea St. Louis, Marekani. Seramu ya farasi mmoja aliyekuwa na pepopunda ilitumika, na watoto 13 wakafariki. Mwaka 1902 nchi hiyo ilitunga sheria ya kukagua utengenezaji wa dawa za namna hiyo. Ilidhihirika kwamba nia njema pasipo uangalizi haitoshi.

Seramu iliponya, lakini kinga yake haikudumu. Mwaka 1923 Gaston Ramon alionyesha kwamba sumu ya dondakoo, ikitiwa formalini na kuwekwa kwenye joto, hupoteza makali bila kupoteza uwezo wa kuamsha kinga. Hapo ndipo ilipotokea chanjo inayotumika hata leo. Baadaye iliunganishwa na chanjo za kifaduro na pepopunda.

Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Chanjo mwaka 1975, na hospitali na zahanati za Kanisa zikashiriki. Watoto huchanjwa dhidi ya dondakoo wakiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14. Kwa sababu hiyo wazazi wengi wa sasa hawajawahi kuuona ugonjwa huu, na wengine hudhani umetoweka. Lakini katika miaka ya 1990, chanjo ilipolegea katika nchi zilizokuwa za Muungano wa Kisovieti, watu zaidi ya 150,000 waliugua.

Kadi ya kliniki iliyokunjwa ndani ya kanga ya mama ni matunda ya machozi na kazi ya vizazi vingi. Usharika unaomshukuru Mungu kwa miaka 100 ya neema unao wajibu wa kuhakikisha kwamba kila mtoto anayeletwa kwenye ubatizo anapelekwa pia kwenye chanjo.